Mwalimu, chama chake na kofia ya pili

Machi 1955, mwalimu mmoja wa shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, aliandika barua ya kuacha kazi. Alikuwa ametoka New York, ambako alizungumza kwa niaba ya TANU mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi aliambiwa achague: chaki au chama. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa tangu 1953, na shule za misheni hazikutaka ugomvi nayo. Julius Nyerere alichagua chama. Akarudi Butiama bila mshahara, na kwa kitambo akajipatia sehemu ya riziki yake kwa kumfundisha Kizanaki mmisionari wa Maryknoll.

Habari hii hutajwa sana, na kila mtu huitumia apendavyo. Mmoja huitaja kuthibitisha kwamba mwalimu asiguse siasa. Mwingine huitaja kuonyesha kwamba mwalimu hodari ni yule anayeingia siasa. Sisi tunaona jambo la tatu, ambalo kwa leo ndilo lenye uzito. Nyerere alipoambiwa achague, hakutafuta ujanja wa kubaki na vyote viwili. Waliomlazimisha walikosea, tunavyoona, kuitazama harakati ya uhuru kama utovu wa nidhamu. Lakini yeye alivua kofia moja, akaiweka mezani, ndipo akavaa nyingine.

Tunasema hivi kwa sababu kofia mbili zimekuwa ugonjwa wa vyama vya walimu katika nchi zetu, na watoto wa shule za umma ndio wanaolipa gharama. Walimu ni kundi kubwa kuliko yote katika utumishi wa umma, Tanzania na Kenya pia. Wako kila kata. Mwalimu ndiye anayesimamia kituo cha kupigia kura, ndiye katibu wa vikao kijijini, na mara nyingi ndiye mwalimu wa kwaya parokiani. Mwanasiasa anayetaka mtandao uliokwisha kujengwa hahitaji kutafuta mbali. Atautaka ule wa walimu, na njia fupi ya kuupata ni kupitia chama chao.

Serikali zetu zililijua hilo mapema. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, shirikisho la vyama huru vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa na viongozi wake wengi wakawekwa kizuizini. Mahali pake pakaundwa NUTA, chama kimoja kwa wafanyakazi wote, kilichofungamanishwa na TANU. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza kushika nafasi hiyo alikuwa Michael Kamaliza, ambaye wakati huohuo alikuwa Waziri wa Kazi. Hebu tulitafakari kidogo. Mfanyakazi mwenye malalamiko dhidi ya serikali alikwenda kwa Katibu Mkuu wa chama chake, na Katibu Mkuu, ili kuyafikisha malalamiko hayo kwa waziri, hakuhitaji hata kuinuka kitini.

Tunaandika haya kwa heshima, tukijua kwamba Mwalimu ni Mtumishi wa Mungu na kwamba mchakato wake ulianza jimboni Musoma. Utakatifu wa mtu haugeuzi kila sheria aliyoitia sahihi kuwa njema. Hoja ya wakati ule ilieleweka: nchi changa, wafanyakazi wachache wenye mishahara, wakulima wengi wasio na chochote, hofu ya vyama kuvutwa na mataifa ya nje. Ila matokeo yake yaliishi kuliko hofu yenyewe. NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, jumuiya ya CCM kabisa, na walimu walisubiri hadi 1993 ndipo wakapata chama chao wenyewe kilichosajiliwa, CWT. Kizazi kizima cha walimu kilizoea kwamba chama cha wafanyakazi ni mlango mmojawapo wa kuingilia serikalini.

Mazoea hayo hayakuondoka na usajili mpya. Januari 2023, viongozi wawili wa juu wa CWT walitajwa katika orodha ya wakuu wa wilaya walioteuliwa. Hatuwajadili wao kama watu. Tunajadili uteuzi. Mkuu wa wilaya ni mwakilishi wa Rais, mwenyekiti wa kamati ya usalama, mtu ambaye siku walimu wakigoma wilayani kwake atatakiwa awarudishe darasani. Kiongozi wa chama cha walimu akijua kwamba cheo cha namna hiyo kinaweza kumwangukia asubuhi yoyote, atakwendaje kwenye meza ya majadiliano akakaza sauti? Hata akiwa mwaminifu kiasi gani, mwalimu wa Sumbawanga aliye mbali hana namna ya kujua. Shaka tu inatosha kukiua chama. Na teuzi za aina hii, hata zikitolewa kwa nia njema na kama heshima kwa walimu, zinawafundisha viongozi wadogo wa wilaya na mikoa kwamba huko ndiko njia inakoelekea.

Tukitaka kuona mwisho wa njia hiyo, tuvuke mpaka kidogo.

Chama cha walimu cha Kenya, KNUT, kilianzishwa 1957, na kwa miaka mingi hakikuwa chama cha kuchezewa. Oktoba 1997, miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu, kiligoma, na serikali ya Rais Moi ikaahidi nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200 kwa miaka mitano. Uchaguzi ukapita. Mwaka uliofuata serikali ikasema haina fedha, walimu wakagoma tena, na deni hilo likabaki jeraha mpaka awamu nyingine ya uongozi. Hapa kuna fundisho ambalo huwa halisemwi vya kutosha: ahadi iliyoshikwa kwa koo msimu wa kura huwa na afya ya msimu huo. Mwaka 2015 mahakama ya kazi iliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, serikali ikakataa kulipa, shule zikakaa kama wiki tano bila masomo, na Novemba Mahakama ya Rufani ikaifuta nyongeza yote. Katika vita hivyo Katibu Mkuu wa KNUT, Wilson Sossion, alikuwa sauti ya walimu hasa, na jina lake lilikuwa kubwa.

Halafu ikaja kofia ya pili. Mwaka 2017 Sossion aliingia Bungeni kama mbunge wa kuteuliwa wa chama cha ODM, na akabaki Katibu Mkuu wa KNUT. Waliomtetea walisema jambo lenye akili: fedha za elimu hugawanywa Bungeni, basi kwa nini walimu wasiwe na mtu wao ndani? Tunaipa hoja hiyo haki yake. Lakini tazama kilichofuata. Serikali ilipoanzisha mtaala mpya wa umilisi, CBC, mwaka 2019, KNUT ilikuwa na maswali mazuri kuhusu maandalizi ya walimu na vifaa. Maswali hayo yaliulizwa na mbunge wa upinzani, kwa hiyo serikali iliyapokea kama kelele za upinzani. Hakuna aliyelazimika kuyajibu.

Pigo kubwa lilitoka kwa mwajiri. Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ilikuwa imeweka miongozo mipya ya kupanda cheo, KNUT ikaipinga mahakamani, na Julai 2019 ikashinda. TSC ikajibu kwa ujanja wa kikatili: vema, wanachama wa KNUT watabaki kwenye utaratibu wa zamani, na nyongeza zilizofungwa kwenye miongozo mipya hawatazipata. Mwalimu aliyekuwa na ada za watoto za kulipa alifanya hesabu yake nyumbani, akajaza fomu ya kujitoa. Chama kilichokuwa na wanachama wapata 187,000 kikabaki na chini ya 30,000 katika miaka miwili. Juni 2021 Sossion alijiuzulu. Wiki chache baadaye alikuwa amehamia UDA.

Mwajiri alifanya dhuluma hapo, nasi hatuoni neno jingine la kuiita. Kumwadhibu mfanyakazi kwa mshahara kwa sababu ya chama alichomo ni kuipiga haki ya kukusanyika mahali inapouma. Lakini dhuluma hiyo isingepita kirahisi namna ile kama umma wa Kenya ungeona mbele yake chama cha walimu na si uwanja mwingine wa mchezo uleule wa ODM na serikali. Wazazi walichoka, wakageuza uso. Chama cha wafanyakazi hakina jeshi wala hazina. Kina kuaminiwa tu, na hicho ndicho kilichokuwa kimeuzwa kidogokidogo.

Kanisa limelizungumzia jambo hili waziwazi kuliko wengi wanavyodhani. Mafrateri wanaujua waraka wa Leo XIII wa 1891, Rerum Novarum, uliotetea haki ya wafanyakazi kuungana. Waraka usiosomwa sana ni Laborem Exercens wa Yohane Paulo II, wa 1981. Katika sehemu yake ya 20, papa huyu aliyetoka Poland, nchi ambayo mwaka mmoja kabla wafanyakazi wake walikuwa wamesimama dhidi ya dola, anaeleza kwamba vyama vya wafanyakazi ni vya lazima katika jamii ya leo, kwamba mgomo ni njia halali pale nyingine zinaposhindikana, na kwamba vyama hivyo si vyama vya siasa vinavyogombea madaraka, visiwe chini ya maamuzi ya vyama vya siasa, wala visiwe na ukaribu uliozidi navyo. Vikifika huko, anasema, hupoteza kazi yao halisi na kuwa chombo cha kutumikia malengo mengine. Aliandika akiwa na Gdańsk moyoni, lakini angeweza kuwa anaandika juu ya Nairobi au Dodoma.

Sheria za Kanisa zinakwenda mbele zaidi kwa upande wa makleri. Kanuni ya 287 inataja vitu viwili katika sentensi moja: kleri asishiriki kwa utendaji katika vyama vya siasa, wala katika kuongoza vyama vya wafanyakazi, isipokuwa mamlaka husika ione kwamba ulinzi wa haki za Kanisa au ustawi wa wote unadai hivyo. Wapo mafrateri wanaoisoma kanuni hii na kuhitimisha kwamba habari za vyama vya walimu haziwahusu. Tunaona wameisoma kichwa chini. Kanisa linamzuia padre kuongoza chama cha wafanyakazi kwa sababu linajua anayeongoza hapo lazima awe na kofia moja tu, na padre tayari anayo ya kwake. Hiyo ni heshima kwa ofisi hiyo.

Sasa tuligeukie neno lenyewe, siasa, maana nalo hutumika kama fimbo. Kila mara walimu wanapodai malimbikizo ya mishahara, kupandishwa madaraja kwa wakati, fedha za uhamisho au za likizo, hutokea kiongozi wa kusema kuna mkono wa siasa. Mwaka 2012 CWT ilipoitisha mgomo kuanzia 30 Julai, ikidai nyongeza ya asilimia 100 pamoja na posho za ufundishaji na za mazingira magumu, Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, iliusimamisha baada ya siku chache kwa kuwa haukufuata sheria. Mahakama ilifanya kazi yake. Lakini mwalimu anayedai alichokifanyia kazi hafanyi siasa za chama chochote. Anadai ujira, na kuuzuia ujira wa mtu wa kazi Kanisa limeuweka katika dhambi zinazolia mbinguni. Tuwe waangalifu tusitumie onyo letu kuhusu kofia mbili kuwa kisingizio cha kuwanyamazisha.

Na kwa kweli, siasa inayoingia shuleni mara nyingi haitoki kwa walimu hata kidogo. Inatoka juu na kushuka. Mwalimu wa shule ya msingi Tanzania anaajiriwa na halmashauri, shule yake iko chini ya TAMISEMI, mtaala wake unatoka Wizara ya Elimu, nidhamu yake iko Tume ya Utumishi wa Walimu, na juu ya wote hao mkuu wa wilaya anaweza kuingia darasani siku yoyote akatoa amri. Februari 2009 mkuu wa wilaya wa Bukoba aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani. Walichapwa, na askari polisi, katika eneo lenye Ukatoliki wa zaidi ya miaka mia moja. Rais Kikwete alimwondoa mkuu huyo madarakani, na alifanya vema. Lakini aliyetoa amri ile hakuwa kichaa. Alikuwa mtu aliyeamini, kama wengi wanavyoamini kimoyomoyo, kwamba mwalimu ni wa kwake.

Kuna aina ndogondogo za imani hiyo ambazo tumezizoea mpaka hatuzioni. Wanafunzi kupangwa barabarani juani, na bendera za karatasi, kusubiri msafara wa kiongozi, na kipindi cha hisabati kinapotea. Mwalimu mkuu kuombwa mchango wa mwenge wakati choo cha shule hakina mlango. Uhamisho wa ghafla wa mwalimu aliyejibu vibaya kikaoni. Kwa mwalimu anayekutana na hayo kila wiki, chama imara ni ngao pekee aliyonayo, na ndiyo maana tunakasirika ngao hiyo inapogeuzwa ngazi.

Basi tunataka nini? Kwanza, katiba za vyama vya walimu ziseme bila kuzunguka: kiongozi anayetangaza nia ya kugombea ubunge, au anayekubali uteuzi wa kisiasa, ofisi yake chamani iwe wazi siku hiyohiyo. Haki yake ya uraia ibaki kamili. Akagombee, na Mungu amsaidie. Mwenye mamlaka ya kuteua naye ajizuie, kwa miaka kadhaa, kumgusa aliyetoka kuongoza walimu. Halafu kuna suala la fedha. Mwalimu wa Tanzania anakatwa asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya CWT, na sheria ya ajira ya 2004 inaruhusu chama chenye wengi kukata ada ya uwakala hata kwa asiye mwanachama. Sheria ina sababu yake, maana nyongeza ikipatikana wote hufaidi. Lakini chama ambacho mapato yake huingia yenyewe kila mwisho wa mwezi hakilazimiki kumshawishi mwanachama, na kiongozi asiyelazimika kumshawishi mwanachama ana muda mwingi wa kutazama kwingine. Hilo halitengenezwi na maaskofu wala na Bunge. Linatengenezwa na walimu wanaohudhuria mkutano wa tawi, wakauliza hesabu, wakakaa mpaka zijibiwe. Wengi wa walimu hao ni waamini wetu, viongozi wa jumuiya ndogondogo, watu wanaojua kuuliza hesabu za harambee ya kanisa hadi senti ya mwisho. Ujuzi huo wauchukue na huko.

Parokia nazo ziache mtindo wa kumwalika kiongozi wa chama cha walimu kwenye jukwaa la mchango pamoja na mgombea, wakipeana mkono mbele ya kamera. Picha moja ya namna hiyo mwezi wa kampeni huvunja kazi ya miaka.

Limebaki neno moja kwa mafrateri. Shule nyingi za misheni zilitaifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, seminari zikaachwa; leo Kanisa lina tena shule zake nyingi, na katika nyingi ya hizo walimu hawana tawi la chama chochote. Wapo wamiliki wanaoona ni baraka. Husema sisi ni familia, familia haina chama. Lakini mwalimu mwenye mkataba wa mwaka mmoja, anayesubiri kila Desemba kujua kama atarudi Januari, anajua tofauti ya familia na ajira. Sheria ya 2004 inampa haki ya kujiunga na chama bila kutofautisha shule ya serikali na ya jimbo, na Laborem Exercens haina kifungu kinachowasamehe waajiri waliovaa kanzu. Frateri aliye darasa la teolojia leo, baada ya miaka michache ya upadre, huenda akawa meneja wa shule. Siku moja walimu watano watabisha hodi ofisini wakiwa na barua ya kuomba kufungua tawi, na pengine mmoja wao atakuwa yule anayemsumbua kuhusu mishahara. Ni vema aanze sasa kufikiri atawajibu nini, kabla hawajaketi.